Sponji Iliyokula Nyimbo Kumi

Tarehe 2, mwezi wa tatu

Naanza kuandika leo kwa sababu najua watu watakuja kubisha. Albamu ikishatoka na watu wakishalia, kila mtu atasema yeye ndiye aliyetoa banda. Basi iandikwe: banda ni langu, la kutengenezea makochi, na mimi ni mjomba wa mwimbaji. Shule niliachia darasa la saba, si kwa ujinga, ni walimu walioishiwa cha kunifundisha. Kwa hiyo mwandiko wangu usichekwe.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, amekuja asubuhi na mwanamke mfupi mwenye hedifoni shingoni, zimemning'inia kama daktari na kile kipimo chake cha moyo. Huyo ndiye Fundi Sauti, kazi yake kurekodi. Hata kunisalimia hakunisalimia sawasawa. Aliingia, akapiga kofi moja hewani, akasikiliza. Akasogea kwenye rundo langu la sponji, akapiga jingine. Kisha akamwambia mpwa wangu kwamba ni hapahapa, sponji inakula sauti. Nikamwambia sponji yangu inakula hata deni la serikali. Hakucheka.

Habari yenyewe ni hii. Mpwa wangu ana bendi ya roki ya watu watatu. Yeye anapiga besi na kuimba. Kuna mpiga ngoma mmoja mnene wanamwita Kimya, kwa sababu akishashuka kwenye ngoma zake haongei. Na kuna mpiga gitaa, ambaye mimi namwita Njiti: mwembamba, kichwa kidogo, hafai kuachwa karibu na vitu vya watu. Njiti na mpwa wangu wamekaa pamoja miaka minne. Alikuwa akija hapa, anakalia makochi ambayo hata hayajauzwa, anakunywa chai yangu, ananiita Mjomba kwa kinywa kipana. Mwisho wa mwaka wakaachana. Sikuuliza kilichotokea. Mpwa wangu alikonda, mimi nina macho, hesabu ikaishia hapo.

Sasa wanataka kutengeneza albamu ya mwisho, nyimbo kumi, zote kuhusu kuachana kwao, halafu bendi izikwe. Nikauliza kama yule naye atakuwepo. Akasema bila yeye hakuna gitaa. Nikamwambia enzi zetu, kwenye bendi yetu ya dansi, gitaa lilikatika nyuzi zote katikati ya wimbo, nikamalizia kwa mluzi, na watu wakaja kuuliza lile gitaa jipya tumeagiza nchi gani. Akasema, "Ndiyo, Mjomba," kwa sauti ile ya mtu anayesubiri ufunguo.

Nimempa ufunguo. Sharti langu ni moja: cherehani ya mke wangu iliyoko kwenye kona haiguswi wala haisogezwi. Yeye ndiye mshonaji wa vitambaa vya makochi, mimi ndiye wa mbao na sponji. Yuko kwa dada yake tangu mwezi wa kwanza. Nilimwambia akapumzike.

Tarehe 4

Mvua imeanza. Bati linapiga kelele kama soko linaungua.

Tarehe 9

Nimejenga chumba ndani ya banda. Sponji yote ya mwenye gesti, ile ya makochi ya ukumbi wake mpya, nimeisimamisha tabaka juu ya tabaka, nikaibana kwa mbao na kamba, ikawa kuta nne. Mwenye gesti anataka makochi yake mvua zikiisha, kwa hiyo hadi hapo sponji haina kazi, acha ifanye ya watu. Fundi Sauti aliingia, akanong'ona kitu, nikakisikia kana kwamba kaniingia sikioni na viatu. Akasema si mbaya. Si mbaya, anamwambia mtu aliyemtengenezea waziri kiti, waziri akasinzia humo mkutano mzima, nchi ikakosa uamuzi.

Shida ni juu. Bati sikuweza kulivisha. Mvua ikigonga, maikrofoni inaisikia kuliko inavyomsikia mtu. Kwa hiyo wanarekodi ikikatika, na ikirudi wanaweka vyombo chini, wanakaa, wanatazamana. Hapo ndipo patakapoharibika. Watu walioachana hawatakiwi kukaa wakisubiri mvua.

Wimbo wa kwanza unaitwa "Takataka". Unaanza hivi: *Uliniaga unatupa takataka, ukaiacha taa inawaka.* Mpwa wangu aliuimba huku kafumba macho, sauti inakwaruza kama mtu anayeburuta kabati sakafuni. Njiti alikuwa kainama kwenye gitaa lake, hata paji la uso silioni. Kila mstari ukipita mimi nikawa namtazama yeye. Ulipoisha nikasema kwa sauti, wote wasikie: "Kula hiyo."

Mpwa wangu akafumbua macho, akanitazama, akaomba maji.

Tarehe 12

Wateja wawili wamekuja kudai viti vyao. Nimewaambia mvua. Nimeshona kitambaa kimoja mwenyewe, kimepinda. Taa ya barazani nyumbani naiacha inawaka usiku na mchana. Wezi siku hizi hawana saa.

Tarehe 14

Njiti alihitaji kiti cha kukalia akipiga, nikampa kile chenye springi iliyochomoka. Nilikichagua kwa mapenzi. Alikaa, akashtuka, akakaa tena, akasema, "Asante, Mjomba." Kila akipumua kiti kinalia *kwii*. Nikajua leo kazi haiendi, atafukuzwa na Fundi Sauti mwenyewe, na mimi nitakuwa sijainua mkono.

Fundi Sauti akasikiliza kwenye hedifoni, akasema mlio ule ubaki, wimbo umepata mgongo.

Nyimbo zimekuwa tatu. Huu wa leo unasema: *Uliniambia mimi ni mzigo, na ni wewe niliyekuwa nimekubeba.* Nikasema tena, kula hiyo.

Tarehe 15

Njiti ameomba kiti kilekile. Mtu huyu hana haya.

Tarehe 19

Mvua siku nzima. Wamekaa. Kimya kalala kwenye kochi la mteja na viatu. Mpwa wangu na Njiti wamegombana kuhusu nani alibaki na sufuria. Sufuria yenyewe haina kifuniko. Nikatoka nje nisije nikafungwa.

Tarehe 21

Shemeji kapiga simu, yule dada yake mke wangu. Anasema mke wangu anaomba cherehani yake, amepata kazi ya kushona hukohuko. Nikamwambia cherehani inaumwa. Akauliza inaumwa nini. Nikamwambia mkanda. Akasema mkanda si unabadilishwa. Nikamwambia mvua, sikusikii, nikakata. Mvua haikuwepo.

Tarehe 23

Leo mwandiko utakuwa mbaya zaidi, si kwa uzee.

Mvua ilikatika asubuhi, wakawahi. Mimi nilikuwa nje ya ukuta wa sponji napiga randa miguu ya kochi taratibu, maana Fundi Sauti kanipangia nipige lini na ninyamaze lini, ndani ya banda langu mwenyewe. Nikasikia wimbo unaanza, unafika mahali, unakatika. Unaanza tena, unakatika palepale. Mstari wenyewe ni huu: *Hukuwahi kunipenda, ulikuwa umepumzika tu kwangu.* Akifika "umepumzika" sauti inazama.

Nikachungulia. Mpwa wangu kasimama mbele ya maikrofoni, machozi hayajatoka ila yako mlangoni. Akasema neno hili halisemeki. Na yule Njiti, bila hata kuinua kichwa, akamjibu taratibu, "Sheria ni sheria. Uliiweka mwenyewe."

Damu ikanipanda hadi kwenye nywele. Nikaupita ule ukuta, nikamkamata ukosi, nikamtoa kwenye kiti kama paka aliyekojolea kochi la harusi. Mkono mmoja, na ni huu wa kushoto. Nikamfikisha mlangoni, nikamsukuma nje, nikafunga komeo. Na Mungu naye akashuka na mvua saa ileile, nikasema hata mbinguni wameona.

Niliporudi nilitegemea nikumbatiwe. Mpwa wangu alikuwa kavua besi, kaiweka chini, kaninyooshea mkono kuelekea mlangoni.

"Mjomba, mfungulie."

Nikamwambia siwezi kumfungulia mtu anayemlazimisha mtoto wangu kulia.

"Mfungulie. Maneno ni yake."

Sikuelewa. Nikamwambia maneno gani. Akasema yote. Takataka, mzigo, yote. Kisha akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtu aliyeanguka. Bendi yao ina sheria tangu siku ya kwanza: aliyeandika haimbi. Walianza wote wakiona aibu maneno yao wenyewe, kwa hiyo walikubaliana kila mmoja aandike akiyaficha, na mwenzake ndiye ayatoe kwa kinywa chake. Hivyo ndivyo walivyofanya nyimbo zao zote, za furaha na za upuuzi. Walipoachana, Njiti aliandika tisa. Na kwa kuwa kaandika yeye, hawezi kuimba yeye.

Nikamuuliza nani basi aliyetoka akasema anatupa takataka.

"Mimi," akasema.

"Ukaiacha taa."

"Nikaiacha taa."

Nikakaa kwenye kile kiti cha springi. Kikalia *kwii*. Fundi Sauti kaangalia mitambo yake kama haijui. Kimya kashika vijiti vyake viwili kama mtu anayesubiri chakula. Mimi nawaza zile kula hiyo zangu. Ya kwanza, ya pili, na nyingine nilizosema moyoni. Kumbe aliyekuwa anakula ni mtoto wa dada yangu, kijiko baada ya kijiko, na mimi ndiye niliyekuwa nashangilia. Mkuki kwa nguruwe. Mpwa wangu alijua, na kila mara aliomba maji akaendelea.

Ndipo hasira yote ikageuka, kama gari lililokosa breki, ikamwelekea yeye. Nikamuuliza kijana alimfanya nini. Alimpiga? Hapana. Alikuwa na mwanamke? Hapana. Alimtukana, alimnyima, alilewa? Hapana, Mjomba. Sasa nini?

Akasema, "Nilichoka tu. Mtu haruhusiwi kuchoka?"

Nikamwambia haruhusiwi. Nikamwambia watu wamejenga nyumba hawajachoka, wameshona makochi miaka ishirini hawajachoka, wewe miaka minne umechoka na nini, na besi? Nikasema mengi. Mengine nadhani hayakuwa yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akapita, akafungua komeo mwenyewe. Njiti alikuwa kasimama chini ya ukingo wa bati, kavua shati kalifunikia gitaa, yeye mwenyewe kalowa kama tambara.

Nimewafukuza wote. Nimefunga banda kwa kufuli.

Tarehe 24

Nimefunga.

Tarehe 25

Fundi Sauti amekuja. Nikamwambia bendi imekufa kabla ya tarehe yake. Akageuza ndoo, akaikalia pale mlangoni, akaanza kula karanga. Baada ya muda akaniuliza, "Mzee, wewe umekasirika kwa niaba ya nani?"

Nikamwambia kwa niaba ya wote.

Akasema kazi hiyo ni kubwa kwa mtu mmoja. Kisha akanieleza kwamba mpwa wangu jana alikwenda kwake mwenyewe, akasema kama hataimba zote tisa basi wa kumi hautakuwepo, na huo wa kumi ni wake. Anataka kuyabeba maneno ya mwenzake yote kwanza, ndipo naye apate haki ya kujibu. Akishindwa hata mmoja, jibu lake halina pa kukaa, na Njiti ataondoka na maneno yake tisa peke yake maisha yake yote.

Nikafungua kufuli. Si kwa ajili yao. Sponji ilikuwa inahitaji hewa.

Tarehe 28

Kaimba "umepumzika". Kalisema mara moja, bila kutetemeka, akimtazama Njiti machoni. Nimetoka nje.

Tarehe 3, mwezi wa nne

Chai yangu sasa ni ya Njiti. Nimempa kikombe changu mwenyewe, cha mke wangu amepewa Kimya. Mpwa wangu namsalimia, asije akasema sikumsalimia.

Tarehe 8

Mvua. Wamekaa. Nimemweleza Njiti jinsi nilivyowahi kuzuia ukuta wa jengo usianguke kwa mgongo tu, mpaka wajenzi wakaenda kula wakarudi. Akasema, "Kweli, Mjomba?" Kijana mzuri. Nilimkosea kwa kile kiti, nikamwambia nitakirekebisha. Akaniomba nisikiguse.

Tarehe 15

Wimbo wa saba leo. Ni wimbo wa ukali hasa, unasema *wanaoondoka kimya ndio wezi wakubwa*. Mpwa wangu akiimba, nilisimama nyuma ya ukuta nikawa naitikia kwa kichwa. Wezi wakubwa. Wanaondoka na begi moja, wanasema naenda kumwona dada, mara hii nitarudi, na wewe unajaza maji kwenye birika la watu wawili.

Nadhani nilikuwa namwangalia mpwa wangu vibaya, maana wimbo ulipoisha Njiti aliweka gitaa chini akanifuata nje. Nikajua anakuja kunishukuru.

"Mjomba," akasema, "usimwangalie hivyo."

Nikamwambia mimi niko upande wako.

"Sijakuomba uwe upande wangu. Yale maneno niliyaandika na hasira zangu. Zangu. Haziazimwi."

Nikamwambia wewe mtoto unajua unaongea na nani. Akasema anajua, anaongea na mtu aliyemtupa kwenye mvua akidhani amekosa, na sasa anampa chai akidhani amekosewa, na mara zote mbili hajamuuliza swali hata moja. Na sauti hakuinua. Angeinua ningempiga, mambo yangekuwa rahisi. Akarudi ndani, nikasikia *kwii*.

Nimekasirika mpaka nimeshona kitambaa cha kochi upande wa ndani nje.

Tarehe 16

Nimemnyang'anya kikombe.

Tarehe 22

Shemeji tena. Cherehani. Nikamwambia imezidiwa, haijafikia hali ya kusafiri.

Tarehe 30

Nyimbo tisa zimekwisha. Bati halijanyamaza siku nne mfululizo. Kimya amejifunza kukunja kitambaa cha kochi, anakunja vizuri kuliko mimi, na bado hajasema neno.

Tarehe 6, mwezi wa tano

Leo mpwa wangu kautoa wimbo wake, wa kumi. Nimejua sasa jinsi wanavyofanya: aliyeandika anayasema maneno mara moja tu, makavu, bila tuni, na mwenzake anayashika. Zile tisa walishakabidhiana kabla hawajafika hapa, ndiyo maana sikujua. Huu umekabidhiwa mbele yetu wote. Alisimama kando ya cherehani, mikono mfukoni, akamwambia Njiti:

*Nilitoka na takataka, hilo si uongo. Pipa liko karibu, barabara iko mbali, nikaipenda barabara. Hukunikosea kitu, ndiyo maana nilikosa la kukwambia. Usiniwekee chakula. Usiwaulize majirani. Zima taa. Unamwashia nani?*

Njiti akasimama, akachukua koti, akatoka. Gitaa kaliacha.

Nikawa natafuta neno la kumwambia mpwa wangu. Mimi, niliyewahi kuwanyamazisha madalali wa stendi nzima kwa neno moja, nilikosa. Nilikuwa nawaza anajuaje habari ya taa yangu. Kisha nikakumbuka hajui. Hajafika nyumbani kwangu tangu mwaka jana.

Nimekasirika na wimbo huu kuliko zote tisa. Zile zilikuwa zinapiga kelele, mtu anaweza kupiga kelele pamoja nazo. Huu unasema na wewe kama mtu anayekurudishia chenji.

Tarehe 9

Njiti hajaja.

Tarehe 11

Hajaja. Mvua inapungua. Mpwa wangu anakuja kila asubuhi, anakaa na besi yake, anaondoka jioni. Nimemwambia yule kijana haji. Akasema, "Mimi nilimwimbia tisa, Mjomba. Yeye ananidai moja? Hapana, mimi ndiye ninayemdai." Nikaona taya lake limekaza kama la mama yake. Kwa mara ya kwanza msimu huu nikajua yeye naye amekasirika, tena zaidi yetu sote, ila alikuwa hajapata zamu.

Tarehe 13

Mwenye gesti amekuja na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na vijana wawili wa kubeba. Mvua zinaisha, anataka makochi. Akaona sponji yake imesimama ukutani kama askari, akauliza hii ni nini. Akasema ama niishushe leo nianze makochi, ama anaichukua apeleke kwa fundi mwingine.

Kuta zikishuka leo, wimbo wa kumi hauna pa kurekodiwa. Mpwa wangu kasimama nyuma yangu, namsikia anavyopumua.

Basi nikamwambia mwenye gesti: bosi wangu, umebahatika. Sponji ya kawaida inalazwa. Ya kiti cha heshima inasimamishwa, kwa sababu mgeni wa heshima hakai, anashuka. Ikisimama msimu mzima wa mvua inanyonya unyevu wa juu na kuuacha chini, inapata kumbukumbu. Mgeni akiinuka, kochi linamkumbuka, akirudi mwakani linampokea alipokuwa. Ndivyo kilivyokuwa kile kiti cha waziri. Ukiishusha leo inasahau, na sitakurudishia.

Akaishika, akaibonyeza kwa kidole, ikainuka. Akauliza inahitaji siku ngapi tena. Nikamwambia ikinyesha mvua moja tu kubwa, ya kufungia msimu, iko tayari. Akaondoka akiwaambia wale vijana wasiiguse.

Mpwa wangu akanitazama. "Mjomba, kile kiti cha waziri kilikuwepo kweli?"

Nikamwambia kilikuwepo kiti.

Akacheka. Tangu aje hapa sijawahi kumsikia akicheka. Nimekasirika nusu siku nzima kwa kutojua kwamba nilikuwa nakikosa kicheko hicho.

Tarehe 17

Njiti amekuja. Asubuhi, nguo zilezile, macho mekundu. Hakumsalimia mtu. Akakaa kwenye kiti, *kwii*, akavaa gitaa, akavuta maikrofoni karibu. Maneno ya zamani karibu yote aliandika yeye, kwa hiyo hajazoea kuimba peke yake, mpwa wangu aliniambia, hata bafuni.

Fundi Sauti akabonyeza mitambo yake. Na hapohapo bati likaanza, tone moja, matone kumi, kisha mvua yote ya mwaka ikamwagika kwa mara moja, ile kubwa ya kufungia msimu niliyomwahidi mwenye gesti. Fundi Sauti akavua hedifoni, akatikisa kichwa. Njiti akaanza kusimama. Nikaona usoni mwake kwamba akisimama leo hakai tena, na mpwa wangu naye aliona, maana alifumba macho.

"Acha inyeshe."

Tuligeuka wote kutafuta nani amesema. Ni Kimya. Ana sauti nyembamba, kumbe, kama ya mtoto wa kwaya. Akasema tena, "Tumeisubiri msimu mzima. Nayo iingie." Akainua vijiti.

Fundi Sauti akamtazama, akatazama bati, akavaa hedifoni.

Sasa nisikilizeni ninyi mtakaobisha. Nimesikia wanamuziki wengi, wengine nimewafundisha kushika gitaa. Yule kijana hajui kuimba. Sauti ilimvunjika kwenye mstari wa kwanza, ikamvunjika kwenye wa tatu. Mpwa wangu alisimama mbele yake, karibu tu, anapiga besi, midomo inatembea na maneno yake bila sauti. Njiti akayatoa moja moja kama mtu anayejichomoa miiba. *Hukunikosea kitu.* Alimwambia yeye, kwa maneno yake yeye, na ilikuwa kama anaambiwa. Alipofika *zima taa* alikuwa hapigi tena gitaa, anashika tu. Mvua ikapiga. Kimya akapiga nayo. *Unamwashia nani?* Mara moja tu. Wimbo hauna kiitikio.

Kisha mvua peke yake, muda mrefu. Katika mvua hiyo, kama ukisikiliza vizuri, kuna mtu anavuta kamasi. Fundi Sauti nilimwomba aikate, akakataa katakata. Ni mimi. Yalikuwa mafua.

Hawakukumbatiana. Mpwa wangu alisema, "Asante." Njiti akasema, "Tisa kwa moja." Akasema hivyo tu, akaanza kukunja waya.

Tarehe 20

Jua. Nimeshusha kuta.

Tarehe 29

Nimekata sponji yote, nimejaza makochi kumi na mawili. Nyimbo zote kumi zimo humo ndani, na ugomvi wa sufuria, na zile kula hiyo zangu. Wageni wa gesti watakalia matusi yale na kuagiza soda.

Kirikuu cha mwenye gesti kilipojaa, nafasi ilibaki nyuma. Njiti na Kimya walikuwa wamekuja kuchukua ngoma, nikawaambia washike huku na huku. Tukaipakia cherehani. Nikamwelekeza dereva apitie kwa shemeji.

Mke wangu alitoka mlangoni na kitambaa begani. Amenenepa kidogo. Akaitazama cherehani, akakitazama kirikuu, akaenda akashika kochi moja, akafuata mshono kwa kidole mpaka ulipopinda.

"Nani kakushonea huu?"

"Mimi."

"Umeushona kwa hasira."

Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, mengine ya nguvu sana, ya kumwangusha mtu. Nikajikuta nimeuliza kama alikuwa amechoka. Sikuwa nimewahi kumuuliza. Akasema alikuwa amechoka, miaka mingi, na kwamba nilikuwa naongea sana kiasi cha kutosikia. Nikasema sawa. Tukaishusha cherehani mimi na yeye, yeye upande wa gurudumu. Hakusema atarudi, na mimi sikumwambia akapumzike.

Nimefika nyumbani jua bado liko juu, na taa ya barazani inawaka kama haijaambiwa. Nimeizima. Hasira ninayo bado, asije mtu akasema niliishiwa.